Uwanja wa Alamo, San Antonio: Joe awekewe jiwe lake, au pabaki palivyo?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tisa San Antonio, na jambo hili linanikera tangu mwanangu aanze darasa la nne, maana ndipo watoto wa Texas wanaposomeshwa historia ya jimbo lao. Jumamosi moja nikampeleka Alamo, ile ngome ambamo wapiganaji wa Texas walioasi Mexico walizingirwa na kuuawa mwaka 1836. Mlangoni tukavua kofia, kama wanaume wote wanavyoombwa, tukaingia. Humo watu wananong'ona tu, kama wako ibadani. Tulipotoka mtoto akaniuliza: "Baba, kama wapiganaji wote walikufa, nani alisimulia?"

Mmoja wa waliosimulia ni Joe, kijana mweusi, mtumwa wa kamanda William B. Travis. Alfajiri ya tarehe 6 Machi 1836, siku ya 13 ya kuzingirwa, alimfuata bwana wake hadi ukuta wa kaskazini akiwa na bunduki. Travis akapigwa risasi ya kichwa. Joe akajificha kwenye moja ya majengo, na askari wa Jenerali Santa Anna wa Mexico wakamjeruhi lakini wakamwacha hai. Baadaye akaenda kueleza yote mbele ya viongozi wa Texas. Kifo cha Travis tunakijua kwa kinywa chake. Kisha akahesabiwa kwenye mirathi ya Travis kama mali nyingine, na mwaka 1837 akatoroka.

Mwezi huohuo wa Machi 1836, Texas, ikijitenga na Mexico, ilipitisha katiba iliyolinda utumwa, tena ikamkataza mtu mweusi huru kuishi humo bila idhini ya Bunge. Mtoto akisoma "walikufa kwa ajili ya uhuru" bila kuambiwa hili, amefundishwa nusu.

Hoja yangu: Joe awe na jiwe lake la kumbukumbu pale nje, ulipokuwa ukuta wa kaskazini, si kwenye makumbusho peke yake. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwa heshima zote, sikubaliani. Kila mtu akidai jiwe lake, uwanja utajaa vibao na hakuna atakayesoma hata kimoja. Unakumbuka mzozo wa Cenotaph, ule mnara wa marumaru wenye majina ya waliouawa? Jiji lilitaka kuusogeza upande wa kusini. Watu wakawaka, wengine wakaenda kuulinda na silaha, na Septemba 2020 Tume ya Historia ya Texas ikakataa kwa kura 12 kwa 2. Pale ni mahali pa msiba. Joe hakufia pale. Tuwaache marehemu na heshima yao.

Mleta mada:
Kuhusu Cenotaph nakubaliana nawe, ndugu yangu. Mnara wa marehemu ni wa marehemu, na mimi sikutaka uhamishwe. Ila "palivyo" unapopatetea ni pa lini? Ile nundu ya juu ya ukuta wa mbele wa kanisa la Alamo, ambayo kila mtoto anaichora, iliwekwa na jeshi la Marekani mwaka 1850. Travis hakuwahi kuiona. Cenotaph wenyewe ni wa miaka ya 1930, Texas ilipotimiza miaka 100 tangu ijitenge na Mexico. Kwa hiyo pamekuwa pakiongezwa siku zote, na mimi nauliza ni nani anayeongezewa. Vukeni mtaa, pale kona ya Houston na Alamo, mtaliona jengo lililokuwa duka la Woolworth. Machi 1960 watu weusi walikaa kwenye kaunta yake ya chakula, iliyokuwa ya wazungu tu, wakahudumiwa bila vurugu, wakati miji mingi ya Kusini watu walikuwa wakipigwa kwa jambo hilohilo. Jengo hilo nalo ilibidi lipiganiwe lisivunjwe.

Mchangiaji wa pili:
Kaka zangu, mnaanzia 1836. Hiyo Alamo ilikuwa misheni ya Kikatoliki tangu 1718, na Wenyeji wa asili waliobatizwa wamezikwa hapohapo mnapopiga picha. Wazao wao wamefika hadi mahakamani wakidai makaburi yaheshimiwe. Mkimpa Joe jiwe, hao mtawaweka wapi?

Mleta mada:
Dada, umenigusa. Hao ndio wa kwanza, na wapewe nafasi kubwa kuliko jiwe moja. Kwa Joe sidai sanamu. Maneno machache tu yanatosha, mtoto wa darasa la nne ayasome akiwa amesimama: "Hapa alisimama Joe, mtumwa wa Travis. Alipona, akasimulia."