Sindano za kupunguza unene: tiba au tunajichongea?

Mama Sambusa: Wakuu, shoga yangu anajichoma Ozempic tumboni kila wiki. Kapungua kweli, sketi anaifunga kwa pini. Ila alitapika mpaka nyongo, na choo anapata siku ya nne. Sindano kauziwa na mtu wa Instagram. Ni salama?

Mzee wa Tabata: Aache chipsi mayai, akimbie alfajiri. Wanawake wa mjini mmezidi uvivu.

Binti Pwani: Uvivu unamwambia nani? Saa kumi usiku niko jikoni nakaanga vitumbua, na kilo 95 zangu zipo palepale.

Mfamasia Mstaafu: Punguzeni munkari. Ozempic ilipitishwa Marekani 2017 kwa kisukari. Ya unene ni Wegovy, 2021, dawa ileile kwa dozi kubwa zaidi. Kutapika na kufunga choo vinajulikana, ndiyo maana dozi huanzia chini, miligramu 0.25, ikapanda taratibu. Alianza na ngapi? Tumbo likimuuma sana mpaka mgongoni, aende hospitali haraka, huenda kongosho limevimba. Na sindano ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji. Yake ililetwaje?

Mama Sambusa: Bodaboda. Kwenye bahasha. Saa saba mchana.

Mfamasia Mstaafu: Mungu wangu. Tena 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia.

Kibuyu: Makemikali hayo! Mimi nakunywa chai ya mitishamba, wiki mbili tumbo limekwisha.

Mfamasia Mstaafu: Baadhi ya chai hizo zimekutwa na sibutramine, dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Usiku moyo haukuendi mbio?

Kibuyu: Unaenda mbio kwa mapenzi. Wewe sema tu duka limekosa wateja.

Mzee wa Tabata: Mke wangu hajui sindano wala chai, na ana kiuno cha nyigu.

Binti Pwani: Kwa hela ya meza unayomwachia, atakosaje kuwa nyigu?

Mzee wa Tabata: Naacha elfu kumi kila siku! Nisiletewe dharau.

Kibuyu: Nyumba ya watu wangapi, mzee?

Mzee wa Tabata: Sita.

Kibuyu: Hahaha! Kumbe sindano anayo nyumbani.

Mama Sambusa: Jamani, na shoga yangu je? Kesho ni siku yake ya kuchoma.

Binti Pwani: Asichome, aende kwa daktari na boksi lake la sindano. Mzee, gesi na mkaa vimo humo kwenye elfu kumi?