Nimeomba amri ya kuzima komposita, mnanijibu "bonyeza Settings"?

Wakuu, leo nimechukia kweli, msinibembeleze.

Niliuliza humu swali moja tu: komposita ya Xfce (mazingira mepesi ya dawati ya Linux) naizimaje kwa amri, nikiwa nimeingia kwenye mashine kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao? Majibu yakamiminika. Fungua Settings, nenda Window Manager Tweaks, toa tiki. Mwingine kaweka na picha kabisa, ina duara jekundu. Mkuu, mashine ziko Nansio, mimi niko Mwanza mjini! Nipande meli mpaka Ukerewe nikatoe tiki, halafu nigeuze?

Kwa wasiojua kelele zote hizi ni za nini: komposita inachukua madirisha yote, ambayo kila moja limechorwa kivyake kwenye memori, inayaunganisha, inaweka vivuli na uwazi, ndipo unaona picha kwenye kioo. Mashine yenye kadi nzuri ya grafiki hata haijui kama kuna kazi inafanyika. Hizi za kwetu pale steshenari ni za mtumba, prosesa ndiyo inabebeshwa kila kitu. Mteja akiburuta dirisha la barua yake ya maombi ya kazi, linamfuata nyuma kama ng'ombe mgonjwa. Fundi aliyezifunga alichukua hela yake, akaacha vivuli vyote vimewaka, na sasa hivi simu hapokei.

Kuna mjuaji mmoja akaniambia niandike `xfwm4 --replace --compositor=off`. Ikakubali, kioo kikawa chepesi, nikafurahi, nikafunga laptopu. Hapo hapo dogo wa dukani akapiga: "Bro, madirisha hayana vichwa, siwezi kufunga wala kusogeza!" Bila shaka, maana ile programu ilikuwa imening'inia kwenye terminali yangu, SSH ilipokatika nayo ikafa, na ndiyo hiyo hiyo inayochora vichwa vya madirisha. Mtu anatoa ushauri bila kuuliza uko wapi.

Amri ya maana ni hii: `xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`. Inashika papo hapo, na ukiwasha tena mashine inakumbuka. Ila mimi naingia kwa akaunti yangu ya admini, wakati aliye kwenye kioo ni akaunti ya "mteja". Ukiweka `sudo -u mteja` peke yake unatukanwa "Cannot autolaunch D-Bus without X11 $DISPLAY", kwa sababu amri inapita D-Bus, njia ya programu kuongea ndani ya sesheni, na haijui iongee na sesheni ya nani. Lazima uionyeshe njia:

`sudo -u mteja DISPLAY=:0 DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1001/bus xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`

Hiyo 1001 ni namba ya akaunti, pata ya kwako kwa `id -u mteja`. Na huyo mteja awe ameshaingia, la sivyo hiyo njia ya D-Bus haipo. Mstari mmoja! Hakuna hata mmoja wenu aliyeuandika, nimeokoteza vipande usiku mzima.

Halafu wale wa "hamia GNOME, ndiyo ya kisasa", yaani niache Xfce nitumie dawati jingine. Nihamie nikafanye nini? Kule komposita haizimiki, imo ndani ya Mutter yenyewe, programu yake ya kuendesha madirisha. Utapunguza mbwembwe tu kwa `gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-animations false`. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, ndiyo usiseme kabisa, komposita ndiyo inayoendesha kioo, ukiiua umemfukuza mteja na kazi yake haijaseviwa.

Imebaki mashine moja ina KDE, dawati jingine tena, iko kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha. `qdbus org.kde.KWin /Compositor suspend` inafanya kazi vizuri, ila ikizimwa na kuwashwa vivuli vinarudi. Nimeona watu wanagusa faili la mipangilio la kwinrc kwa `kwriteconfig5`, kundi la Compositing, Enabled iwe false. Aliyewahi kuifanya kwa mbali, mtu akiwa amekaa kwenye mashine, aniambie kama inashika bila kumtoa. Wa "nunua kompyuta mpya" pita hivi.