TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) ni trafiki wa angani au na yeye ni dereva? Naomba kueleweshwa

MsafiriWaKirumba:
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanitatiza naomba wenye uelewa mnisaidie.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Mwanza kwenda Dar, ndege ya saa tano asubuhi tukaondoka saa kumi na mbili jioni, saa saba nzima tumekaa pale na chupa moja ya maji ya nusu lita, hakuna maelezo. Nikamfuata dada wa kaunta nikamuuliza nalalamika wapi, akanijibu bila hata kuninyanyulia macho "kalalamike TCAA". Haya, TCAA wako wapi? Mlinzi akaninyooshea kidole juu, "wale pale, mnarani".

Sasa hapo ndo akili ikagoma. Wale wa mnarani si ndo wanaoongoza ndege? Nafika nyumbani naangalia tiketi naona kuna ada ya usalama, naambiwa nayo inaenda TCAA. Dogo langu anapiga picha za harusi kwa droni, kibali TCAA. Jirani binti yake anasomea uongozaji ndege Dar, chuo cha TCAA. Halafu 2025 tukasikia Ulaya wamezipiga stop ndege zetu zote, lawama TCAA.

Kwa hiyo hawa ni trafiki, ni dereva, ni shule ya udereva au ni LATRA, wale wasimamizi wa mabasi? Maana barabarani trafiki hana basi lake. Nieleweshwe taratibu, mi ni muuza spea za pikipiki tu.

Bwana_Kejeli:
Mkuu nchi hii kila ofisi ina kofia tano na kichwa kimoja. Nimeweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

MzeeWaMnara:
Kijana umeuliza swali ambalo sisi tumelijadili kantini miaka na miaka. Mimi ni mwongoza ndege mstaafu, ngoja nikupe historia maana bila hiyo hutaelewa kofia zimetoka wapi.

Zamani anga lote la Kenya, Uganda na Tanganyika lilikuwa chini ya idara moja ya Jumuiya, makao Nairobi. 1977 Jumuiya ikavunjika, kila mtu akabeba chake, ila vingine havibebeki, chuo cha marubani kikabaki Soroti kwa Waganda, chuo cha waongoza ndege kikabaki Embakasi, sisi tukabaki na minara na anga kubwa mno na watu wachache. Kazi zote zikarundikwa kwenye kurugenzi moja ndani ya wizara, viwanja, kuongoza ndege, leseni, kila kitu, sio kwamba kuna mtu alikaa akapanga hivyo, hapakuwa na mwingine wa kumpa. 1999 ndo wakaanza kutenganisha, viwanja vikapewa wakala wake ambao leo ni TAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, huku kwetu ikawa wakala wa usafiri wa anga, na Novemba 2003 ikawa Mamlaka kamili kwa sheria yake. Lakini mnara ukabaki kwa mdhibiti, na chuo tulichokuja kuanzisha Dar nacho kikabaki kwake. Kwa hiyo jibu fupi, ndiyo, ni trafiki na ni dereva. Asubuhi mkaguzi wa TCAA anakagua kama mnara unafuata kanuni, na mnara ni wa TCAA.

Sasa usidharau hiyo kazi ya udereva. Mimi nimeongoza ndege bila rada miaka mingi, tulikuwa tunaita prosija. Mbele yako una ubao na vipande vya karatasi, kila ndege na karatasi yake, namba, futi, saa atakayofika pointi fulani. Rubani anakuambia nipo hapa, wewe huoni kitu, unamwamini, unaandika kwa penseli, halafu unawaachanisha kwa dakika au kwa futi elfu moja juu na chini. Mvua inanyesha, redio inakoroma, mmoja anatoka Bukoba mwingine anatoka Entebbe na wote wanataka kushuka Mwanza. Karatasi mbili zikiwa na futi sawa na dakika zinakaribiana unasikia jasho mgongoni kabla hata ubongo haujasoma.

Rada tuliipata Dar kwanza, ile ya kampuni ya Uingereza BAE ya pauni milioni 28 ambayo Benki ya Dunia na ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, walisema mapema kwamba bei ni kubwa na haitufai, mkaona yaliyotokea, 2010 kesi Uingereza, pauni milioni 29.5 zikarudi zikanunua vitabu na madawati. Hizi nne za sasa, Dar, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, zilikuja baada ya 2017 kwa shilingi bilioni 67 na ushee, na sehemu ya hela ya mamlaka inatokana na ndege za watu wanaopita juu yetu tu hata hawatui. Ukitenganisha mnara na mdhibiti kesho asubuhi, mdhibiti atakula nini? Hilo ndo swali hakuna mtu anataka kulijibu.

FundiWaHangari:
Shikamoo mzee. Nakubali historia ila hapo mwisho naomba nipingane kidogo. Mimi ni injinia wa ndege, miaka 14 kwenye matengenezo, na mdhibiti ninayemjua mimi hayupo mnarani, ni mtu mwenye tochi.

Nikupe picha. Saa kumi na moja alfajiri, ndege inaondoka saa kumi na mbili na nusu. Anakuja inspekta wa TCAA bila taarifa, kavaa kizibao cha njano, anapiga magoti chini ya gia ya magurudumu, anapapasa tairi kwa kiganja kama mtu anayechagua embe, anaangalia mtungi wa kuzimia moto tarehe yake, anapanda ndani anataka teknikal logi, daftari la hitilafu na matengenezo ya ndege, anasoma ukurasa baada ya ukurasa kimyaaa. Mimi nimesimama pembeni. Ananiomba leseni, anaangalia tarehe, "imebaki siku nne injinia". Basi. Hajafoka, hajatisha, ila siku hiyo hiyo nilikuwa Ukonga pale Banana ofisini kwao na fomu mkononi. Huyo ndo trafiki.

Shida ni kwamba watu wa aina hiyo ni wachache na soko linawataka. Mtu akishakuwa inspekta mzuri, anajua ndege aina tatu, shirika la ndege linamjia na mshahara ambao serikali haiwezi. Na ndicho Ulaya walichokisema Juni 2025 walipoweka mashirika yote yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha yao ya waliopigwa marufuku kuruka Ulaya, Desemba 2024 ilikuwa Air Tanzania peke yake, miezi sita baadaye wote. Kitu cha kwanza kutajwa ni uhaba mkubwa wa wataalamu kwenye mamlaka, halafu usimamizi dhaifu. Walichokipima pale ni mdhibiti, mashirika yamebebwa tu na cheti. Mtu anaweza kuwa na ndege mpya kabisa inanukia rangi na bado akaingia humo kwa sababu aliyesaini cheti chake haaminiki.

Kwa hiyo mzee, kwangu suala la mnara ni la pili. Suala la kwanza ni je, yule mwenye tochi anaweza kuizuia ndege ya serikali isiruke? ATCL, yaani Air Tanzania, ni ya serikali, na inspekta naye bosi wake wa mwisho ni waziri yule yule wa uchukuzi. Na kabla hamjacheka, ilishatokea. Desemba 2008 TCAA ilichukua cheti cha kuruka cha ATCL kwa sababu nyaraka hazikukaa sawa, shirika la taifa likalala chini wiki kadhaa hadi Januari 2009. Nilikuwa bado mwanafunzi, tulishangaa sana, lakini ilifanyika na dunia haikuisha.

KijanaWaTudor:
Salaam kutoka Mombasa. Msidhani ni nyinyi peke yenu. Huku KCAA, mamlaka yetu ya anga Kenya, ni vile vile, inatoa leseni na inaongoza ndege, na skuli ya Embakasi ni yao. Waganda ndio wamezidi, mamlaka yao ndiyo inayoendesha uwanja wa Entebbe pia, yaani trafiki, dereva na mwenye stendi. Rwanda wao walishautoa uwanja kwa kampuni nyingine.

Lakini sisi Wamarekani walitusukuma. Tulikuwa tunataka ndege ya moja kwa moja ya New York, wakasema hapana, kwanza tumkague mdhibiti wenu. Ikachukua miaka, Februari 2017 tukapata daraja la kwanza la usalama la Wamarekani, Oktoba 2018 KQ, yaani Kenya Airways, ikaruka. Watu walidhani kazi ni kununua ndege kubwa, kumbe kazi ilikuwa makaratasi ya KCAA.

Ila na mimi nina dukuduku. Sisi tukisikia TCAA akilini inakuja ugomvi tu. 2020 wakati wa korona Kenya haikuiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi za kuingia bila karantini, TCAA ikafungia KQ, baadaye na zile ndogo tatu. Januari 2024 tena, wakasema KQ mwisho tarehe 22 hakuna Nairobi-Dar, na ndani ya siku moja yakaisha. Hivyo huyo ni mdhibiti wa usalama au ni ubalozi wenye rada?

MzeeWaMnara:
@KijanaWaTudor umenichekesha. Ile ya 2024 ilikuwa haki ya tano, maana yake ndege yetu ya mizigo ichukue mzigo Nairobi iupeleke nchi ya tatu, mkatukatalia, sisi tukajibu. Mkataba wa nchi mbili ni kazi ya serikali, ila barua inatoka kwa mamlaka, kwa hiyo abiria anaona mamlaka ndo imekasirika. Na ndiyo maana kazi hii siku hizi ni ya wanasheria kama ilivyo ya mainjinia, Hamza Johari alitoka ukurugenzi mkuu wa TCAA 2024 akaenda kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

@FundiWaHangari hilo la 2008 nalikumbuka. Sina la kukupinga.

BintiWaShangani:
Jamani mie nipo Unguja nafanya mambo ya wageni, nataka niseme upande ambao hamuusemi. Ile orodha ya Ulaya watu walisema ah, kwani ATCL inaruka Ulaya? Hairuki, ndio, lakini mgeni wangu Mjerumani kanunua paketi nzima kwa wakala wa kwao, Serengeti siku nne kisha kwa ndege ndogo mpaka Zanzibar. Sheria yao inamlazimu wakala amwambie mteja atapanda ndege ya nani, na kama imo kwenye orodha mteja ana haki ya kurudishiwa pesa. Barua pepe nilizopata juma lile sitaki kuzikumbuka. Mmoja aliniuliza kama kuna basi kutoka Serengeti mpaka Zanzibar. Basi! Nikamwambia lipo lakini litalowa.

Na vijishirika hivi vya ndege ndogo vyengine vina rikodi safi, wameingia kwenye kapu moja. Uwanja wa huku unaendeshwa na mamlaka ya viwanja ya Zanzibar, lakini usafiri wa anga ni jambo la Muungano, mdhibiti ni huyo huyo mmoja, akiteleza yeye tunaanguka sote bara na visiwani.

Bwana_Kejeli:
"Lipo lakini litalowa" 😂😂 dada umeniua.

Ila nauliza kwa nia njema, Marekani si mamlaka yao ya anga, FAA, hiyo hiyo inaongoza ndege na inakagua? Mbona wao hatuwasemi?

FundiWaHangari:
Ni kweli na swali zuri. FAA inafanya vyote viwili, ila ndani wamejenga ukuta, waongoza ndege wana kitengo chao na wakaguzi chao. Na walijifunza kwa machungu, zamani sheria iliwataka pia waitangaze biashara ya ndege, baada ya ajali ya shirika la ValuJet 1996 ndo wakaondolewa. Hata hivyo kwenye zile ndege za 737 MAX zilizoanguka ilionekana kazi nyingi za ukaguzi walimwachia Boeing mwenyewe. Waingereza wao walimtoa dereva kabisa akawa kampuni yake, NATS, na Afrika Kusini wana ATNS ya kuongoza ndege upande huu na mdhibiti upande ule. Hakuna dawa moja.

MsafiriWaKirumba:
Nawashukuru sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Swali moja, ajali ya Bukoba ile ya Novemba 2022, watu 43 ndani na tukapoteza 19, nani alichunguza? TCAA hao hao?

FundiWaHangari:
Hapana, hiyo kofia hawana. Uchunguzi wa ajali uko kwenye kitengo kingine kilicho wizarani. Sababu ni rahisi, mchunguzi lazima awe na uhuru wa kuandika kwamba mdhibiti naye alikosea. Ila ukiuliza wizara ni ya nani tunarudi pale pale kwa waziri, naishia hapo kabla sijatafutwa.

Kuhusu saa saba zako, usiende mnarani tena utawasumbua watu wana ndege masikioni. Anza na shirika lenyewe kwa maandishi, weka tiketi na muda halisi mliondoka, wakikaa kimya peleka nakala TCAA kitengo cha uchumi, hao ndo wanashughulikia mambo ya abiria. Kuna na baraza la watumiaji, TCAA-CCC.

MsafiriWaKirumba:
Mrejesho wakuu. Shirika lilikaa kimya siku kumi, jana asubuhi nikatuma TCAA na picha ya ile chupa ya maji nikaambatanisha. Leo wamejibu, neno moja: "Imepokelewa."

Bwana_Kejeli:
Ulizia, imepokelewa ofisini au imeruhusiwa kutua?

MzeeWaMnara:
Ikiwa ni mnarani wangekuambia pia ni namba ngapi kwenye foleni.