Naomba ushauri: nianze na albamu zipi za R.E.M.?

Ndugu wapenzi wa muziki, mdogo wangu ameniomba nimchagulie albamu tatu za kuanzia za R.E.M., bendi ya roki mbadala iliyoanzishwa Athens, Georgia, nchini Marekani, mwaka 1980 na kudumu hadi 2011, nami nimekwama.

Automatic for the People ya 1992 haina mjadala: vyombo vya nyuzi alivyovipanga John Paul Jones vinaingia taratibu nyuma ya sauti ya Michael Stipe bila kuifunika. Ugumu uko kwenye Murmur ya 1983, ambayo mashabiki wengi wa siku nyingi huiweka juu kabisa, ilhali maneno yake hayasikiki vizuri na gitaa la Peter Buck ndilo linalobeba hisia. Nahofia msikilizaji mgeni ataikatia tamaa kabla haijamkolea. Binafsi naipenda zaidi New Adventures in Hi-Fi ya 1996, ambayo sehemu kubwa ilirekodiwa wakiwa ziarani, nayo ni ya mwisho kabla mpiga ngoma Bill Berry hajaondoka.

Je, Murmur ije mwanzo au isubiri? Na katika albamu za baada ya Berry, kuanzia Up ya 1998, ipo mnayoweza kuitetea kwa moyo wote?