Chanjo ya surua ya miezi 18: tupeane uzoefu, wazazi wa Mombasa

Wazazi wenzangu, wiki iliyopita, nilipokuwa nikipanga makaratasi ya nyumbani, nilifungua kijitabu cha kliniki cha mwanangu wa pili nikaona nafasi ya chanjo ya surua ya miezi 18 haina tarehe, ilhali mtoto ana miaka mitatu. Ile ya miezi tisa aliipata, nami nikarudi nyumbani nikiamini kazi imekwisha, kumbe dozi moja katika umri huo huwakinga takriban watoto 85 tu kati ya 100. Kenya iliingiza dozi ya pili katika ratiba mwaka 2013, na tangu 2016 sindano hiyo hukinga pia rubela, ugonjwa mwingine wa vipele. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta.

Mama wa Likoni: Mimi sikusahau, nilirudishwa. Nilivuka kivuko na mtoto mgongoni, nikangoja hadi saa tano, kisha nikaambiwa nirudi Alhamisi kwa kuwa siku hiyo tulikuwa watoto wawili tu. Baadaye muuguzi mwingine alinionyesha kichupa chenyewe: ndani mna unga mkavu wa kutosha dozi 10, na ukishachanganywa na maji yake, kitakachobaki baada ya muda wa saa sita sharti kimwagwe. Sababu niliielewa, ila nauli yangu haikurudi. Siku hizi tunapitiana majumbani, tukaenda kliniki kwa pamoja tukiwa sita au saba, na kichupa hufunguliwa.

Mwanzishaji: Dada, Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi zinazomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto asiyerudi tena.

Bibi wa Mji wa Kale: Wanangu, ninyi surua mnaisoma, mimi nimeiona. Utotoni mwangu mgonjwa aliwekwa chumba chenye giza kwa sababu mwangaza ulimchoma macho, na ndugu yangu alipona akiwa haoni kwa jicho moja. Daktari alinieleza nikiwa mtu mzima kwamba surua humaliza vitamini A mwilini, ndiyo maana sasa mgonjwa hupewa matone yake hospitalini. Wakaza wanangu hawajapata kuiona, na labda ndiyo sababu miezi 18 huwapita kimya kimya, maana mtoto keshatembea, keshasema, na mama karudi kazini.

Baba wa Kisauni: Tunaishi nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mmoja. Mtoto wa mpangaji mwenzetu alianza kwa homa, mafua na macho mekundu, tukadhani ni mafua ya kawaida. Vipele vilipotoka, alikuwa ameshawaambukiza wengine kwa siku kadhaa. Katika wiki mbili zilizofuata waliugua watatu, mmoja wao akiwa na miezi saba, umri ambao chanjo ya kawaida haijamfikia. Kitoto kama hicho hakina kinga isipokuwa ya sisi wakubwa kuchanja wetu, na wataalamu husema inahitajika watoto 95 kati ya 100 wawe na dozi zote mbili ndipo surua ikose pa kupita.

Mwanzishaji: Nimempeleka mwanangu Jumatatu. Muuguzi hakunilaumu, alimchoma, akajaza tarehe, kisha akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine. Yupo, wa jirani, nami nimeshaongea na mamake.