MJADALA: Ule mzinga wa Königsberg pale Fort Jesus, ubaki Mombasa, urudi Tanzania au utupwe kabisa?

Jamani naomba tuliongee hili kwa utulivu manake kila likitajwa watu hupandisha. Kuna wanaosema mizinga ya wakoloni iondolewe mbele ya macho yetu, na kuna ndugu zetu Watanzania wanaosema ule wa Königsberg ni wao, urudi kwao. Mimi nasema ubaki, lakini usibaki hivi ulivyo.

Kwa ambao hawaijui habari yenyewe. Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa injini, ikaipiga pale pale bandarini ikazama. Baadaye Königsberg nayo ikasumbuliwa na injini, ikajificha kwenye delta ya Rufiji ndani ya mikoko, Waingereza wakaizingira miezi kadhaa mpaka Julai 1915 walipoleta meli mbili za kina kifupi zilizoweza kuingia mtoni, Severn na Mersey, wakaimaliza. Sasa meli ilikufa lakini mizinga yake kumi haikufa. Wajerumani waliiopoa yote, ikapelekwa Dar es Salaam, karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu, halafu ikasambazwa vitani nchi nzima. Mmoja ulifungwa hata kwenye ile meli ya Ziwa Tanganyika tunayoiita leo MV Liemba. Mmoja ndio huu wa Fort Jesus, na pembeni yake upo mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria kule Union Buildings.

Haya, swali langu: kutoka Rufiji kwenye matope hadi Dar, na kutoka hapo kuingia bara, nani aliyevuta hivyo vyuma? Si Looff, kapteni wa Königsberg, wala si Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki. Ni watu weusi, mamia kwa mamia, kamba begani, kwenye mbuga na mito na mvua, tena wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Upande wa Waingereza nako hali ilikuwa ile ile, wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa katika ile vita, na wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar unayoenda kununua nguo ndipo ilipokuwa kambi yao. Wengi mno hawana hata kaburi lenye jina.

Ndio maana siwaelewi wanaosema mzinga utupwe ati ni aibu ya ukoloni. Ukiutupa unamfichia nani aibu? Mjerumani keshasahau, Mwingereza keshasahau, anayepoteza ni mjukuu wa yule aliyeuvuta, kwa sababu hicho chuma ndicho kitu pekee anachoweza kukishika kwa mkono akasema babu yangu aliteseka na hiki. Fort Jesus yenyewe ilijengwa na Mreno kuanzia 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696 mpaka wakaichukua 1698, Mwingereza akaifanya jela, na leo tunajivunia ni urithi wa dunia wa UNESCO. Hatukuibomoa kwa sababu ya aliyeijenga. Basi na mzinga vivyo hivyo.

Wa Tanzania hoja yao naiheshimu kweli, wana uchungu wa haki, meli ilizama kwao na waliokufa wakivuta wengi ni wao. Lakini pale Mombasa mizinga ya maadui wawili imekaa pamoja, na ukiitenganisha kila mmoja unabaki chuma tu, mgeni hapati kisa kizima. Ningependa zaidi makumbusho za nchi hizi mbili zikae chini, wazee wa Rufiji waitwe, na ukibidi kwenda kuonyeshwa Dar kwa muda nao uende.

Ninachokasirikia ni namna unavyosimuliwa. Mara nyingi mgeni akifika anaelezwa meli mbili, makapteni wawili, tarehe, anapiga picha, watoto wanapanda juu kama farasi wa bembea, anaondoka. Neno wapagazi halisikiki. Na chumvi ya bahari nayo inakula chuma kila siku, kisiposafishwa na kupakwa dawa kwa utaratibu mjadala huu utaisha wenyewe kwa kutu.

Kwa hiyo ninachotaka ni kibao cha Kiswahili, kikubwa, kinachoanza na waliouvuta kabla ya waliouamuru. Na walio na babu aliyebeba mizigo ya vita ile, kuanzia Rufiji, Ukambani, Unyamwezi hadi Nyanza, muandike hapa chini alichosimulia, hata kama ni sentensi moja. Anayetaka uondolewe naye aje aseme upelekwe wapi na nani atautunza.