Milioni 8 mkononi: Carina Ti ya mzee, IST namba D au X-Trail?

Mkazi wa Kibamba
Wakuu, habari za leo. Natafuta gari la kwenda kazini Posta na kurudi Kibamba, na mara moja moja Morogoro kuwaona wazazi. Nimeshayaona matatu. Carina Ti ya 1999, namba B (herufi ya usajili; B ilitoka kabla ya C na D), cc 1,500, ya mzee mstaafu wa Kibaha, anataka milioni 5 na nusu. IST ya 2003, namba D, cc 1,300, iko kwa dalali, milioni 8 na hashuki. Ya tatu ni X-Trail ya 2002, namba C, cc 2,000, milioni 7 na laki mbili. Mke wangu anataka X-Trail kwa sababu barabara yetu ya mtaani mvua ikinyesha ni matope matupu. Mimi moyo uko kwenye IST. Nisaidieni.

Spana 14
Mkuu, nianze na X-Trail maana ndiyo itakayokuumiza. Hiyo ina injini ya QR20 na ugonjwa wake mafundi wengi wanaujua. Masega ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, yanameguka, vumbi lake linarudi kwenye silinda na kuzikwaruza, gari linaanza kula oili. Ukichelewa kugundua unatafuta injini nyingine. Sensa za kamshafti na krenki nazo zikifa gari linazimika likiwa barabarani. Zipo zilizo nzima, ila kwa bajeti hii usibahatishe, na cc 2,000 kwenye foleni ya Ubungo utaisikia kila ukiingia sheli.

IST na Carina zote injini zake nazikubali. IST inatumia cheni ya taimingi. Carina hiyo ni 5A, inatumia mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Muulize mzee ulibadilishwa lini. Kama hakumbuki, chukulia haujaguswa, funga mpya na rola yake, na pampu ya maji iangaliwe hapohapo kwani iko eneo lilelile. Ukikatika utalala njiani, lakini 5A haipindi valvu.

BintiTanga
Kaka, ukimpa dalali milioni 8 yote, kesho yake utatengeneza kwa nini? Gari kuukuu linadai pesa siku ya kwanza: oili na filta, plagi, breki, pengine betri na tairi, bima, na kuhamisha umiliki TRA. Mimi naendesha Corolla 110, ndugu kabisa na Carina. Bushi, shokapu, boljointi napata Kariakoo mpya, na za mtumba Ilala. Ukichukua ya mzee unabaki na milioni 2 na nusu ya kulirudisha gari kwenye hali yake. Mimi hapo sioni mjadala.

Mkazi wa Kibamba
Asante dada. Lakini namba B wakuu? Nikitaka kuuza nani atanunua?

Mvita Mwanzo
Kwetu Kenya gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, kwa hivyo namba yakupa makisio ya umri. Kwenu gari kuukuu laongezewa ushuru tu na laingia. Hiyo D yasema lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi liliundwa lini. Hizo Carina na IST zimepishana miaka minne, bei yaongezeka milioni 2 na nusu. Jiulize wewe hiyo ziada walipia nini.

Dereva wa Chalinze
Ndugu yangu wa Mombasa, herufi ina maana yake. Namba B imekula miaka mingi ya mashimo yetu na mafundi wetu, D imekula michache. Na IST ukiitangaza leo, wiki haiishi watu wanapiga simu. Carina unaweza kukaa nayo miezi. Mimi ningemwacha dalali huyo nikatafuta IST namba C kutoka kwa mwenyewe.

Spana 14
Dereva uko sahihi kwenye kuuza. Ila ndugu anataka kuendesha, na gari la mtu mmoja aliyekaa nalo lina historia unayoweza kuiuliza.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha radieta: maji ya rangi ya kutu maana yake wameweka ya bomba miaka yote. Geuza kifuniko cha oili, ukikuta utando wa chai ya maziwa shuku gasketi ya hedi. Oili ya giaboksi ya otomatiki inatakiwa iwe nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka. Halafu endesha mpaka lipate moto, uingie barabara kuu. Mshale wa joto unatakiwa utulie karibu na katikati. Ukishuka kila unapoongeza kasi, shuku themostati, ile valvu inayodhibiti joto la injini, imechomolewa. Wengi hufanya hivyo gari likichemsha badala ya kutafuta chanzo. Matokeo yake injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta, na ugonjwa wa kwanza bado umo.

Kuhusu matope, usikubali kuiinua Carina kwa spesa kubwa, vile vipande vya kunyanyulia gari. Draivushafti zinakaa pembe mbaya na mipira yake inachanika. Funga shokapu na springi nzima na tairi zenye meno, inatosha.

BintiTanga
Na faini za barabarani angalia mtandaoni kwa namba ya gari kabla ya kulipa. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha mzee.

Mkazi wa Kibamba
Nimemwonyesha mke wangu hapo kwenye katalisti, amekubali X-Trail tuiache. Nimempigia mzee, tunaonana Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi. Spana 14, unaweza kufika Kibaha? Nauli na ya ukaguzi natoa.

Spana 14
Nafika. Mwambie asiliwashe mpaka tuwepo.